Mjadala: Ruaha Mkuu upimwe kwa vihisi na satelaiti, daftari la msomaji geji lifungwe?

MtoNaTakwimu (mleta mada): Wadau, Ruaha Mkuu unakauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha karibu kila kiangazi tangu miaka ya 90 mwanzoni, na kila mwaka tunabishana nani kayamaliza maji kule bonde la Usangu, juu ya hifadhi. Hoja yangu ni kwamba daftari la msomaji geji, yule anayesoma kina cha mto kwenye ubao wenye vipimo na kukiandika, lifungwe. Kila kituo kipate kihisi kinachosoma kina kila dakika 15 na kutuma kwa laini ya simu. Mashamba yahesabiwe kwa picha za satelaiti ya Sentinel-2, kila nukta mita 10 kwa 10, kila baada ya siku 5. Mzozo wenyewe ni wa Septemba hadi Novemba, anga iko wazi, hakuna wingu la kusingizia. Wasomaji wengi wanapika namba wakiwa nyumbani.

Geji_ya_Kingo: Hilo la kupika namba lifute, mkuu. Daftari lililopikwa hujulikana. Chora kina cha mwezi mzima. Ukikuta mita 0.42 siku nane mfululizo ilhali kituo cha juu kimepanda kwa mvua, hapo kapika. Tarakimu za mwisho zikiwa 0 na 5 tupu, huyo kakisia toka juu ya kingo, hakushuka. Kukagua hivyo ni kazi ya ofisi kila mwezi. Posho inachelewa, hakuna anayekuja kukagua, halafu lawama zote kwa msomaji!

Banio_Juu: Kwa hiyo unakiri wapo wanaopika.

Geji_ya_Kingo: Nimesema wanajulikana. Soma tena.

KinaNaKasi: Mnapigana na daftari bure. Kwanza, mto ulianza kukauka 1993. Pili, kihisi hakipimi mtiririko, kinapima kina. Kugeuza kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde kunahitaji grafu ya kituo husika, na grafu hiyo huchorwa na mtu aliyeingia mtoni: kamba yenye vipimo toka kingo hadi kingo, mto unagawanywa vipande 20 au zaidi, kila kipande kinapimwa kina na kasi. Pasipo kina kirefu, kasi husomwa mara moja kwenye 0.6 ya kina kutoka juu. Penye kina husomwa kwenye 0.2 na 0.8, unachukua wastani. Mito yetu ni ya mchanga. Furiko moja likihamisha kitanda cha mto, grafu ya mwaka jana ni takataka, na kihisi kitaendelea kukutumia uongo kila dakika 15 bila kuchoka.

Kuna na hili. Kihisi cha mgandamizo kinachozamishwa kinabeba uzito wa maji na wa hewa iliyo juu yake. Milibari 1 ya hewa ni kama sentimita 1 ya maji, na hewa ya ukanda wetu hupanda na kushuka milibari kama 3 kila siku. Bila kipimo cha hewa pembeni, kina cha sentimita 20 kinasomeka 23. Kwa grafu ambayo mtiririko hufuata kina kilichopewa kipeo cha 1.67, mtiririko umeongezeka zaidi ya robo, na mtoni haijaongezeka hata ndoo.

MtoNaTakwimu: Funga ya rada chini ya daraja. Haigusi maji, haizibwi na tope.

KinaNaKasi: Nakubali, rada ni bora. Ila nayo inapima kina tu. Na betri ikifa au bando likiisha Oktoba, ni ubao wa geji na msomaji watakaokuambia mto uko wapi. Ondoa ubao, hutakuwa na cha kusahihishia rada.

Banio_Juu: Mimi nimeshikwa na "nani kayamaliza maji". Watafiti waliwahi kukadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ng'iriama, mlango wa kutokea wa kinamasi cha Ihefu, wakati wa kiangazi, lazima ziingie Ihefu kama 7. Sita na nusu zinakwenda wapi? Kinamasi! Satelaiti ikiona jaruba la mpunga la kijani huko Mbarali, Usangu, mnapiga kelele, ikiona Ihefu ya kijani mnasema uhifadhi.

Tembo_wa_Msembe: Ihefu ilikuwa inavukiza maji kabla ya mabanio ya zege yanayogeuzia maji mashambani, na mto haukukauka. Pale Ng'iriama kuna mwamba. Maji ya kinamasi yakishuka chini yake, tone halipiti. Ninyi wa juu mnapunguza kinachoingia, ndiyo maana yanashuka.

Banio_Juu: Tuna vibali vya kutumia maji na tunalipia. Wa chini mnalipa nini?

Tembo_wa_Msembe: Kibali kimeandikwa lita kwa sekunde. Onyesha mahali mnapozipima hizo lita.

KinaNaKasi: Hapo ndipo penyewe, na hapahitaji satelaiti. Jenga kizingiti kipana cha zege mferejini, chini ya banio. Kikiwa na upana wa mita 1, maji yakipita kwa kina cha sentimita 20 juu yake, ni takriban lita 150 kwa sekunde. Kina hicho kisomwe upande wa juu, umbali wa mara tatu hadi nne ya kina, kabla uso wa maji haujaanza kuinama. Maji ya chini yakipanda kuzidi theluthi mbili ya kina hicho, hesabu imeharibika. Kwa hiyo anayepanga viroba vya mchanga chini ya kizingiti anavuruga kipimo hata kama geti hajaligusa.

MtoNaTakwimu: Na kizingiti hicho tukikifungia rada?

Geji_ya_Kingo: Fungeni. Lakini usiku funguo za geti anashika nani?

Banio_Juu: Jumuiya yetu ya Watumia Maji.

Tembo_wa_Msembe: Kufuli mbili. Moja yenu, moja ya jumuiya ya chini.

Banio_Juu: Hilo halipiti.