Nanunua fleti Manchester, dalali anang'ang'ania nichukue solisita (mwanasheria) wake. Nikubali?

Mgeni_wa_Mvua
Wakuu habari za majukumu. Nipo Manchester mwaka wa nane sasa, nimechoka kupanga na kumlipia mtu mogeji (mkopo wa nyumba) yake, wiki iliyopita ofa yangu ya fleti imekubaliwa, £215,000, ghorofa ya nne katikati ya mji kabisa, usiku kelele za baa unazisikia ukiwa kitandani ila kazini naenda kwa mguu. Sasa tangu siku hiyo dalali kanikaba, kila akipiga ni "umeshajisajili kwa solisita wetu?", eti wa kwao ni faster na nikileta wa nje muuzaji anaweza kubadili mawazo. Bei yao imechangamka. Jamaa mmoja kazini anasema nitafute wa bei chee mtandaoni. Dipoziti yangu nusu ni akiba, nusu nimechangiwa na mama na bro kutoka Bongo. Mliopita njia hii, nimchukue nani na nimuulize nini kabla sijatoa hata senti?

BiMkora
Mdogo wangu tulia kwanza. Dalali analipwa na muuzaji, wewe siyo bosi wake. Na huyo solisita "wetu" mara nyingi anamkatia dalali chochote kwa kila kichwa anacholetewa, muulize solisita mwenyewe ni shilingi ngapi, hapo anatakiwa akwambie. Halafu kukubania nyumba kisa hujachukua watu wao, sheria ya madalali hairuhusu. Mjibu kwa imeili, nimeshapata wangu, jina hili hapa, asante. Utaona simu zinavyopungua.

Mimi nilikubali wa dalali, nikajuta. Faili langu lilipita kwa watu wanne, kila Jumanne napiga namkuta mpya anaanza upya "samahani, nyumba yako ni ipi?". Kwa hiyo swali la kwanza siyo bei, uliza faili litashikwa na nani kwa jina, ana mafaili mangapi, akienda likizo nani anashika.

Kibwengo
Mnatishana bure. Mimi solisita wangu ndiye aliyepeleka ofa yenyewe, barua zikajibizana wiki chache imeisha, muuzaji hana pa kuchomokea.

BiMkora
@Kibwengo wewe si ulinunua Glasgow? Skotilandi sheria yao nyingine kabisa. Huku ofa kukubaliwa ni maneno tu, kabla hamjabadilishana mikataba iliyosainiwa, akitokea mtu kaongeza dau muuzaji anaweza kukuacha kwenye mataa na pesa ya sachi (kuchunguza rekodi za nyumba) na savei (kukagua jengo) hairudi. Usimpoteze kijana.

Kibwengo
Haya yaishe mama 😂

fundi_makaratasi
Nafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya hizi kazi (siyo ushauri wa kisheria, msije kunishtaki). Kabla hujachagua mtu hakikisha vitu viwili. Benki inayokupa mogeji inamkubali kwenye orodha yake? Kama hayumo utalipia wanasheria wawili. Na amesajiliwa? Solisita wanasimamiwa na mamlaka inaitwa SRA, kuna na wale wa kuhamisha umiliki wa nyumba tu, wao mamlaka yao ni CLC, nao ni wazuri tu, jina unalikagua bure kwenye tovuti zao.

Kuhusu bei chee, soma kwa chini. Unakuta bei ya tangazo ni ndogo halafu fleti ya lizi (unamiliki kwa miaka maalum, siyo milele) wanaongeza, kushughulikia mogeji wanaongeza, pesa ya zawadi wanaongeza, kutuma hela siku ya mwisho wanaongeza. Omba jumla yote kwa maandishi. Na fleti yako nina uhakika ni lizi, muulize imebaki miaka mingapi. Ikikaribia kushuka chini ya 80 shtuka, kuirefusha inakuwa ghali na benki nyingi hazitaki. Service charge (ada ya kutunza jengo) waombe hesabu za miaka 3, na kama jengo ni refu uliza mambo ya moto na kuta za nje, tangu jengo la Grenfell kule London liungue 2017 benki hazitanii na hilo.

Shem_Darasani
Hiyo hela ya mama na bro ndiyo itakayokuchelewesha kuliko vyote. Solisita lazima ajue kila pauni imetoka wapi, sheria za utakatishaji. Mimi bro alinitumia hela akaandika kwenye maelezo "ng'ombe", basi nikapigiwa simu na dada mmoja mpole anauliza what is ngombe 😂 nikaeleza mama aliuza ng'ombe wawili mnadani, akasema sawa, naomba ushahidi. Ikabidi itafutwe risiti ya mnada, itafsiriwe, pamoja na kitambulisho cha mama, taarifa zake za benki na za simu, na barua yake kwamba ni zawadi siyo mkopo na hadai sehemu ya nyumba. Wiki tano. Anza leo.

Mgeni_wa_Mvua
Duh. Mama hana hata imeili. Asanteni lakini. Na ushuru wa stempu (kodi ya kununua nyumba) je? Dalali anasema kwa mnunuzi wa kwanza chini ya £300,000 ni sifuri.

fundi_makaratasi
Ni sifuri kama hujawahi kumiliki nyumba popote duniani. POPOTE. Una nyumba Bongo?

Mgeni_wa_Mvua
Sina, ila mzee alivyofariki tuliandikwa watoto wote wanne kwenye nyumba ya Tabora. Hiyo nayo inahesabika??

fundi_makaratasi
Kurithi nako ni kumiliki. Msamaha wa mnunuzi wa kwanza hapo umeupoteza, kwa bei yako ni £1,800. Sehemu yako ikifika thamani ya £40,000 ndo balaa, inaweza kuingia ile nyongeza ya nyumba ya pili na hesabu inaruka hadi £12,550. Kwa Tabora mkigawana wanne sidhani. Ila mwambie solisita mapema kwa maandishi, usimfiche, ukisaini fomu ya uongo anayedaiwa ni wewe.

BiMkora
Na plani ya lizi (ramani ya sehemu unayonunua) ifungue mwenyewe usisubiri usomewe. Yangu laini nyekundu ilizunguka fleti vizuri, nikatafuta ile sehemu ya gari niliyoonyeshwa na dalali kwa mbwembwe, haimo. Niliiona mimi jikoni usiku wa manane, siyo wao.

La mwisho, ikija imeili "tumebadilisha akaunti, tuma hela hapa" usitume. Namba ya akaunti ichukue siku ya kwanza na kabla ya kutuma wapigie kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ya kwenye imeili. Wezi wanapenda sana Ijumaa mchana watu wakiwa mbio na funguo.

Mgeni_wa_Mvua
Mrejesho. Nimemuandikia dalali kwamba nimepata wangu, kajibu neno moja, "Noted". Nimempata mama mmoja yuko peke yake na msaidizi, si wa bei ya chini, ila alipokea simu mwenyewe na swali lake la kwanza likawa hela inatoka wapi. Nikamtajia Tabora akacheka akasema leta hati. Bro nimeshamtuma. Tatizo ni kwamba hati iko kwa shangazi, na shangazi na bro hawasalimiani tangu msiba.

Shem_Darasani
Hapo solisita hakusaidii mkuu 😂 mpigie shangazi wewe mwenyewe, na usianze na habari za hati.