Mrejesho: TimeLimit iliyokataa kushika kwenye Gurobi

Ndugu zangu, nilileta swali kuhusu ratiba ya malori yetu ya kutoka Kampala kwenda Gulu na Mbarara: natumia Gurobi, programu ya kutafuta suluhisho bora kwa hesabu, na nimeweka TimeLimit (kikomo cha muda wa kukokotoa) ya sekunde 300 kwa env.setParam, yaani kwenye mazingira (env) yanayobeba mipangilio na leseni, lakini modeli (ratiba iliyoandikwa kihesabu) inakokotoa mpaka asubuhi. Limetatuka.

Mkuu aliyeniuliza kama niliiweka kabla au baada ya kuunda modeli ndiye aliyegonga penyewe. Modeli ikishaundwa, inachukua nakala yake ya mazingira. Ukibadilisha parameta kwenye mazingira ya awali baada ya hapo, yenyewe haina habari. Nami nilikuwa nabadilisha mwishoni kabisa, mstari mmoja kabla ya optimize(), amri ya kuanza kukokotoa! Sasa naandika model.Params.TimeLimit = 300, na inasimama kwa wakati. MIPGap nayo (pengo linaloruhusiwa kati ya jibu lililopatikana na lililo bora kabisa linalowezekana) nimeilegeza kutoka 0.0001 ya kawaida hadi 0.01, kwa kazi yetu inatosha.

Tatizo la leseni ya Gurobi tunayoitumia kwa pamoja pia limeisha. Mazingira nisiyoyafunga yalikuwa yanaishikilia, mwenzangu wa Jinja anakosa nafasi. Nimeyaweka ndani ya with ya Python, kazi ikiisha yanajifunga yenyewe. Asanteni sana, mmeniokoa kweli.