Mrejesho: Nilitaka mipekani, nimevuna majimbi

Assalam aleikum ndugu zangu. Mwaka jana niliwauliza nipande nini kwenye nusu ekari yangu karibu na mto Sabaki hapa Malindi: mipekani ya kokwa au majimbi (wengine mwaita nduma). Naleta mrejesho.

Mpekani nimeuacha. Mlioniambia ni mti wa kusini mwa Marekani na Meksiko mlisema kweli: unataka majira ya baridi upumzike, ndipo uchanue vizuri. Baridi hiyo Malindi tutaitoa wapi? Tena wataka udongo wenye kina usiotuamisha maji, na miaka kadhaa ya kungoja kokwa. Na mti unaopita mita 20 ungelimeza shamba langu lote.

Majimbi ndiyo yaliyonikubali. Nilipanda machipukizi pale bondeni panapotuama maji, kwenye kivuli cha migomba, mahali ambapo mahindi yalinishinda misimu miwili. Baada ya miezi 9 nikachimba. Mama akayapika kwa tui zito la nazi, wallahi watoto walikomba sufuria! Majani machanga nayo tumeyala kama mchicha.

Ila nawasihi: jimbi bichi lawasha, mikono na koo, na majani vivyo hivyo. Yachemsheni mpaka yaive kabisa. Mke wangu hujipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya.

Machipukizi yamebaki mengi. Aliye karibu aje achukue, bure.