Tupeane uzoefu: vikundi vya kunoana kwa sisi tulioanza biashara juzi (Arusha na Moshi)

#1
Wakuu habari za jioni. Mie niko Ngarenaro, nauza juisi, mwaka wa kwanza huu. Tuko watano, fundi cherehani, wa spea za bodaboda, dada wa saluni, wa kuku wa mayai na mimi, tunakutana Jumapili moja tunaruka moja, kule saluni maana ndo kuna viti. Sio vikoba wala mchezo, hela ni ya chai tu. Mwenye zamu anaweka daftari mezani anasema tatizo moja, wengine dakika kumi mnauliza maswali tu, ushauri marufuku. Nikaona utoto.

Zamu yangu nikalia wateja wachache. Dada wa kuku akauliza, glasi moja inakula maembe mangapi? Kimyaaa. Tukapiga hesabu palepale, embe, sukari, barafu, glasi ya plastiki, inakuja 870 na nauza 1,000, bado sijagusa kodi ya kibanda!! Yani kila glasi inabaki 130 tu, kulia wateja wachache peke yake kusingenisaidia sana. Sasa hivi nauza 1,500, kuna walionuna, wawili wamehamia kwa jirani, sawa tu.

Nanyi leteni ya kwenu, hata yaliyofeli.

#2
Moshi hapa, Kiboriloni. Chetu kilikufa mwezi wa pili. Kosa wote tulikuwa wa mitumba, sasa nani atakwambia belo zuri anatoa kwa nani? Watu wanakuja wananyonya maneno wanaondoka. Changanyeni biashara, tena msiwe mtaa mmoja.

#3
Mimi nina mgahawa Pasua, chetu kipo na kimeniumbua. Waliniambia niandike kila sahani inayotoka, hata ya shemeji. Kikao kilichofuata nimesoma sahani 41 za bure watu wakacheka mpaka machozi, nami nikacheka ila roho inauma. Kukataa ndugu siwezi jamani, ila sasa wanakula saa tisa kilichobaki 😂

#4
Samahani, mnakutana mnaongea tu? Si bora kikundi cha mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao, wanawake asilimia 4, vijana 4, walemavu 2.

#5
@4 hicho nacho kizuri, mie nimo vyote viwili. Ila kule mnajadili marejesho, hakuna anayekuuliza kwanini unauza hasara. Na daftari lenyewe linalipa mkuu, kwa viwango vya TRA vya 2019 mauzo ya milioni 4 hadi 7 kwa mwaka bila kumbukumbu ulikuwa unalipa 100,000, mwenye kumbukumbu 3% ya kinachozidi milioni 4. Niliuza milioni 5 nikalipa elfu 30.

Halafu hii ya kuuliza kwanza sio ya saluni ya Ngarenaro tu, kuna Mwingereza Reg Revans alikuwa anaifanya na mameneja wa migodi ya makaa ya mawe miaka ya 1940.

#1
Asanteni. Swali, tuna mwenzetu vikao vitatu anarudi na tatizo lilelile, tulichokubaliana hajagusa, na ni mtu mzima, tunamheshimu. Tumfanyeje?

#3
Msimpe zamu mpaka aseme alichofanya. Kwetu asiyefanya ndo anachemsha chai, na mtu mzima kachemsha mara moja tu.