Timu haielewani kuhusu tabia za watumiaji wa programu yetu ya vikoba, naomba ushauri

mchora_skrini
Wakuu, salaam. Niko kwenye timu ndogo hapa Dar, tunatengeneza programu ya vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa: mwanachama anunue hisa, aombe mkopo, aone marejesho. Mimi nachora skrini. Data tunaisoma wote, ila kila mtu anatoka na tafsiri yake.

Mfano: ukurasa wa hisa siku za kawaida haugusi mtu. Siku ya kikao, simu moja inaingia akaunti ya huyu, inatoka, inaingia ya yule, mpaka kikundi kinaisha. Mtu wa data anasema ni utapeli, tufunge, simu moja akaunti moja. Programa anasema ni hitilafu. Bosi anataka video ya mafunzo. Mimi nahisi kuna kitu hatukioni, lakini "nahisi" haina uzito mezani. Uamuzi wiki ijayo. Mnafanyaje timu nzima ione kitu kimoja kabla ya kuanza kubishania vitufe?

KatibuMbagala
Mdogo wangu, huyo mwenye simu moja ni sisi makatibu 😂 Wanachama wangu wengi wana vitochi. Wenye simu janja, leo hana bando, kesho simu iko kwa mume na hataki mume ajue ana hisa ngapi. Wananipa hela mkononi, wananinong'oneza namba ya siri, naingiza. Kisha nasoma kwa sauti: "Mama fulani, hisa tano, elfu kumi." Wote wakishasikia ndipo wanaamini. Mkifunga, sisi tunarudi kwenye daftari jioni hiyo hiyo.

mtafiti_wa_mtaani
Mkuu, umeona? Hilo la kusoma kwa sauti seva yenu isingelisema hata miaka kumi.

Nendeni kikaoni wote, programa na bosi wakiwemo. Wawili wawili: mmoja anaongea, mwingine anaandika. Aandike alichoona na kusikia tu. "Alimpa katibu simu" iandikwe, "hajui kutumia" isiandikwe. Mkirudi, kila mtu aandike kimya kimya kwanza na kubandika ukutani, halafu ndiyo muongee. Bosi akitangulia kusema, wengine mtaitikia tu.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua matatizo mengi ya skrini. Watu huishika hiyo namba kama msahafu, ila yeye alikuwa anazungumzia watumiaji wa aina moja. Kwenu katibu na mwanachama ni watu wawili tofauti kabisa, wachunguzeni kila kundi kivyake.

jamaa_wa_Nairobi
Salamu kutoka huku. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo ya Faulu, taasisi ya kukopesha. Waliojaribu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Timu ingeweza kusema hayo ni matumizi mabaya, ikafunga. Badala yake huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo ikawa tangazo lenyewe. Hiyo simu yenu moja niitazame kama hitilafu? Hapana.

sheria_na_data
Tusimwonee mtu wa data. Katibu mwenye namba za siri za kikundi kizima ni hatari, siku hela ikipotea mtasemaje? Mpeni katibu akaunti yake ya kuingizia wote, na mwanachama apate SMS ya uthibitisho. Na mkirekodi sauti au skrini, ombeni ridhaa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

KatibuMbagala
SMS? Na ile simu iliyo kwa mume?

sheria_na_data
Hapo umenibana dada. Basi mwanachama achague mwenyewe: SMS, au kusomewa mbele ya mashahidi wawili ambao nao wanabonyeza kukubali.

mchora_skrini
Nimewaonyesha uzi huu ofisini. Programa kasoma mara mbili, kanyamaza. Bosi kakubali kusogeza uamuzi, Jumamosi tunaenda kikaoni wote. Dada katibu, tukifika tukae wapi tusiwaharibie shughuli?

KatibuMbagala
Nyuma, kwenye mkeka. Msivae vitambulisho, watadhani mmetoka benki kudai. Na kikao kinaanza saa tisa kamili, mkichelewa mnalipa faini kama wengine.