Gundi ya mgunga, wanga au utomvu wa msonobari: ipi kwa kazi ipi?

Karatasi_Kavu: Kazi ni tatu: kubandika lebo kwenye chupa, kukarabati majalada ya vitabu, kukaza mpini wa kisu. Nataka gundi za mimea tu. Moja inatosha zote?

Jalada: Haitoshi, mkuu. Kwa vitabu tumia wanga wa ngano. Kijiko 1 kwa vijiko 5 vya maji baridi, koroga mabonge yaishe ndipo uinjike moto mdogo, dakika 20 hivi bila kuacha mwiko. Weupe ukififia na mwiko ukiacha njia chini ya sufuria, umeiva. Ukiepua mapema punje hazijavimba, karatasi itabanduka. Uchuje kwa kitambaa. Huchacha upesi, kwa hiyo pika kidogo. Uzuri wake ni kwamba hata miaka ikipita, unyevu kidogo huuachisha bila kuchana karatasi.

Mgungani: Chupa ni gundi ya mgunga. Gramu 50 za unga wake, mililita 100 za maji vuguvugu, iache usiku kucha. Nyunyizia unga kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya unga utapata madonge yenye kiini kikavu. Ikikauka peke yake hupasuka na kubanduka, hivyo tia matone machache ya gliserini. Ukizidisha, lebo haikauki kamwe. Chupa ifutwe kwanza kwa spiriti, maana mafuta ya vidole tu yanaharibu kazi.

Karatasi_Kavu: Na chupa ikilowa?

Mgungani: Lebo itaelea. Hizo mbili zote adui yao ni maji.

Ulimbo: Ndiyo maana mpini ni utomvu wa msonobari: maji hayauyeyushi, spiriti ndiyo huuyeyusha. Yeyusha sehemu 3, changanya sehemu 1 ya mkaa uliosagwa laini, ongeza nta kidogo. Weka chombo kwenye mchanga wa moto, mbali na miali, kwani mvuke wake hushika moto. Ukitokota muda mrefu mafuta yake hutoroka, unabaki na kitu cha kuvunjika kama kioo. Chovya kijiti, kitie kwenye maji baridi, bonyeza kwa ukucha: alama ibaki bila ufa. Pasha msuka wa kisu, yaani ile ncha ya chuma inayoingia mpinini, kabla ya kuusokomeza, la sivyo gundi itaganda juujuu. Na usikioshe kwa maji ya moto, mpini utachomoka.

Jalada: Anayewaza utomvu mweupe wa mnyaa aache. Tone moja jichoni linaweza kupofusha.