Tupeane uzoefu: filamu uliyoinunua kihalali ikagoma kucheza

Kabati la Bibi: Leo nilipokuwa nikipangua kabati nimekuta DVD ambayo shemeji alinitumia kutoka Muscat, bado ina karatasi ya bei, nikakumbuka jinsi tulivyojipanga sebuleni na deki ikatuandikia kuwa diski si ya eneo letu. Kumbe wenye filamu waliigawa dunia katika maeneo yenye namba, na deki husoma diski za eneo lake tu: Oman imewekwa eneo namba 2 pamoja na Ulaya, ilhali sisi tumewekwa namba 5 pamoja na India na Urusi. Waliokumbwa na haya walifanyaje?

Mama Nuru: Yalinikuta hayo hayo, dada.

Mrudi Tanga: Afadhali yako ilikuwa moja. Mimi nilirudi kutoka Minnesota na sanduku la filamu 40, zote halisi, nilizozinunua moja moja kwa miaka sita kila nilipopata mshahara. Zote zilikuwa za eneo namba 1, la Marekani na Kanada, na deki ya nyumbani haikukubali hata moja. Nikategemea kompyuta yangu, nisijue kuwa sehemu yake ya kusomea diski huruhusu kubadili eneo mara 5 tu. Wanangu wakiweka diski za hapa, kompyuta inawauliza kama wabadili eneo, nao wanakubali bila kusoma; jioni naweka yangu, narudisha namba 1. Sikukuu ya Idi, wajomba wameketi mkekani, projekta ya kuazima imewashwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani, nikaambiwa kuwa nafasi zimekwisha na mashine imebaki namba 5 moja kwa moja. Mjomba akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko kicheko cha watoto: "Mwanangu, una hakika ulizilipia?" Mtoto wa jirani akatumwa kibandani, akarudi na nakala ya kuchoma ya filamu ile ile, nayo ikacheza papo hapo, tena bila lile onyo la wizi ambalo sisi wenye diski halisi hatuwezi kuliruka.

Mpiga Kinanda: Kwa hiyo, ndugu, unamsifu mwizi? Mimi hupigia muziki filamu za hapa nyumbani, na kila nakala ya kibandani ni ujira wangu uliokwishaliwa.

Mrudi Tanga: Soma kwanza kabla hujanishutumu. Nimelipa mara 40, nami ndiye niliyefungiwa mlango.

Sauti Bila Picha: Nililipia filamu kwenye intaneti, nikaunganisha projekta ya zamani, nikapata sauti na giza, kwa kuwa projekta haikuwa na HDCP, ile kinga ya kuzuia kunakili ambayo kifaa cha kuonyeshea hutakiwa kuwa nayo.

Fundi Deki: Deki nyingi za bei nafuu zina menyu iliyofichwa: fungua trei ikiwa tupu, bonyeza tarakimu za siri kwenye rimoti, uchague 0, itasoma za maeneo yote. Tarakimu hutofautiana kwa kila aina.

Mama Nuru: Msithubutu! Deki yangu tangu nilipojaribu hayo inaandika Kichina.

Kijana wa Linux: Mrudi, jaribu VLC, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, huenda ikakufaa, maana huifungua diski yenyewe. Kufuli la siri la DVD lilivunjwa tangu 1999; Jon Lech Johansen wa Norwei, aliyekuwa na miaka 15, alishtakiwa kwa hilo, na mwaka 2003 mahakama ikamwachia huru, kwani diski alizozifungua zilikuwa zake.

Mpiga Kinanda: Zake, si za kibandani.

Kabati la Bibi: Fundi, nimebonyeza tarakimu ulizonitumia faraghani, deki imeitema diski na kuzimika. Nisubiri, au niichomoe kwenye umeme?

Fundi Deki: Ichomoe, dada, kisha unisomee kilichoandikwa mgongoni mwake.